Baba, Nthiga Bado Hajapona

Baba yangu mpendwa,

Watu wananisumbua juu ya Nthiga. Naanza na hilo kwa sababu nikianza na salamu, na hali ya Mama, na ng'ombe amezaa nini, nitalia kabla sijafika popote, na wewe hukuwa na subira na mtu anayelia kabla ya kusema. Wanataka nimponye. Tangu tukuzike nimenyamaza kwenye grupu letu la simu, na mwanzoni nao walininyamazia kwa heshima, wakituma pole na mistari ya Biblia na picha za mishumaa. Sasa pole zimekwisha. "Kendi, tunangoja." "Kendi, utatuacha njia panda mpaka lini?" Mama Njoki wa Kiritiri, yule mwenye sauti ya kuita mbuzi kutoka ng'ambo ya mto, amenitumia ujumbe wa sauti mrefu akiomba kama aliyepiga magoti. "Mpeleke Nthiga kwa mkutano wa injili, mwanangu. Awekewe mikono, huo mkono wake upate nguvu, arudi sokoni. Tumeteseka na yeye vya kutosha, aki."

Na mimi sijui la kufanya, maana mtu wa kuuliza ni wewe.

Barua hii nitaiweka huko huko kwenye grupu waisome wote, kwa hivyo utanivumilia nikieleza mambo unayoyajua. Wao wanamjua Nthiga kunishinda. Wewe hawakujui kabisa.

Ulikuwa mchinjaji. Ulikuwa na bucha yako hapa Kanyakine, lakini heshima yako haikutoka buchani. Ilitoka kwenye sherehe. Watu wakileta mahari, au kijana akioa, ni wewe uliyekuwa ukiitwa kukata mbuzi. Kwetu mbuzi wa sherehe hakatwi ovyo. Kila kipande kina mwenyewe, na ukimpa mtu kisicho chake umemtukana mbele ya wakwe. Nilikuwa nikikuona umekunja mikono ya shati, kisu kidogo mkononi, na wazee wazima wametulia wakikutazama kama watoto wanaongoja kugawiwa miwa. Hukuwa ukipiga kelele siku hizo. Nyumbani ulitugombeza kwa kila kitu, kuanzia chumvi hadi hali ya hewa, lakini ukishika kisu ulikuwa mpole hata Mama akawa anasema afadhali mbuzi achinjwe kila siku.

Halafu kiharusi kikakupiga asubuhi moja ukikata majani ya ng'ombe. Ulimi ulirudi, namshukuru Mungu, tena ulirudi na makali yake yote. Mguu ulirudi nusu, ukaupa mkongojo. Mkono wa kulia haukurudi.

Ndipo redio ikawa rafiki yako. Nikitoka dukani ninakouza dawa za mifugo nilikukuta barazani, redio iko juu ya stuli, unasikiliza ule mchezo wa kila wiki, na mtu akikohoa anafukuzwa. Mlipendana sana na Nthiga wa mchezo huo, dalali wa mbuzi wa kule Mbeere: mgomvi, mchoyo, mdomo haufungwi, mtu wa kumlaumu mbuzi kwa kukonda. Alikuwa na binti mmoja, Igoki, aliyempenda kufa na hakuwahi kumwambia. Na kwenye ukoo wao ni yeye aliyekuwa akikata nyama za sherehe. Mimi nilikutania, "Baba, Mmeru mzima wa Imenti kama wewe unampenda Mmbeere?" Ukanijibu bila kunitazama, "Huyu atakuibia kwa bei, lakini hatakudanganya."

Unakumbuka siku mchezo ulipokatwa? Lori la mbuzi limepinduka mtelemkoni, Nthiga yuko chini yake anaita Igoki, muziki ukapigwa, ukaisha. Wiki iliyofuata saa ile ile tukasikia mtu anaongea juu ya mbolea. Wiki nyingine pia mbolea. Haiya! Ulikasirika mpaka Mama akaogopa kiharusi kitarudi. "Unamwacha mtu chini ya lori hivyo hivyo? Hata mbuzi hawamwachi hivyo!"

Ni kwa ajili yako nilitafuta, nikapata hili grupu la wasikilizaji waliokuwa wamekasirika kama wewe. Walikuwa wameanza kujitungia wenyewe sehemu za mbele. Mmoja alikuwa amemfanya Nthiga kuwa mbunge. Mwingine alikuwa amemuoza mke wa pili, Mzungu. Nilipokusomea ulicheka mpaka ukashika mbavu kwa mkono wa kushoto. Ukasema, "Mwari, binti yangu, hata wewe unaweza kuandika upuzi mzuri kuliko huu." Basi nikaandika.

Sehemu ya kwanza nilimtoa Nthiga chini ya lori akiwa hai, lakini mkono wake wa kulia ukafa. Sikupanga. Nilikuwa nikiuona mkono wa namna hiyo kila siku, ukaingia wenyewe kwenye maandishi. Nilikusomea Jumapili baada ya kanisa, na nilipofika pale pa mkono nikaogopa, nikanyamaza. Kisha ukasema tu, "Endelea."

Sehemu ya pili ndiyo ile ya kisu. Hii waliokuwepo wanaikumbuka. Kuna sherehe, binti wa ndugu yake Nthiga analetewa mahari, mbuzi yuko tayari, na wote wanamtazama Nthiga na mkono wake uliokufa. Nikaandika kwamba anasimama huku machozi yanamtiririka, anamkabidhi kisu mdogo wake, anasema, "Bwana ametoa, Bwana ametwaa," watu wanaimba, wamama wanapiga vigelegele. Wee! Grupu lililia. Mwalimu mmoja wa Embu, ambaye kazi yake ni kunisahihisha ngeli, siku hiyo hakusahihisha hata moja. Akasema isomwe kanisani. Nilikuja kwako mbio, nimevimba kichwa, nikakusomea kwa sauti ya kuhubiri.

Ulingoja mpaka mwisho. "Nani huyo?"

"Nthiga."

"Huyo si Nthiga. Huyo ni pasta umemvika koti la Nthiga."

Nilikasirika. Nikakuambia watu wamelia, watu wanahitaji kutiwa moyo, mtu akipatwa na jambo kubwa hubadilika. Ukaninyooshea mkongojo. "Mkono ndio umekufa. Nthiga hajafa. Mgomvi akivunjika, unapata mgomvi aliyevunjika. Huyo wako ametoka wapi?"

"Sasa wewe ungemfanya nini?"

"Hangeenda hiyo sherehe. Angesema tumbo linamuuma."

Nilinuna siku kadhaa, kisha nikafuta yote, nikaandika tena. Nthiga analala kitandani akiwa amevaa viatu, anawaambia watu tumbo linamkata, na kutoka ng'ambo anasikia kelele za sherehe na anajua kwa kusikia tu mbuzi amefikia wapi. Wengine kwenye grupu walinung'unika, wakasema nimewaharibia. Lakini Mama Njoki alituma sauti akicheka na kulia pamoja. "Huyo sasa ndiye Nthiga wetu! Mjinga huyo! Si aende tu!" Nilipokuwekea hiyo sauti uliomba nirudie, na nikarudia, ukatikisa kichwa umeridhika.

Tangu hapo ukawa mwalimu wangu, na mwalimu mkali. Nilimfanya Nthiga amwambie Igoki asante kwa kumfunga vifungo vya shati. Ukakataa katakata: "Atamwambia shati lenyewe halijapigwa pasi." Nilimfanya ajifunze kuandika kwa mkono wa kushoto, wiki moja tu, mwandiko mzuri. Ukaguna. "Huo mkono wa kushoto ni mgeni. Mgeni hapewi jembe siku ya kwanza." Nikasema basi amkasirikie Mungu, aache kanisa. Ukasema, "Hapana. Kanisani ataenda. Lakini atakaa nyuma karibu na mlango, atoke kabla watu hawajaanza kusalimiana." Nikakuuliza kwa nini. Ukasema, "Ampe mtu mkono gani? Wa kushoto? Ni adabu hiyo?" Nami nikaandika upesi kabla sijasahau, nikijisemea moyoni, kweli baba yangu ana akili ya kujua watu.

Na wewe wakati huo ulikuwa tayari unakaa benchi la nyuma, karibu na mlango. Mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa nikikuketisha hapo, nikakutoa nje kabla ya salamu, nikidhani ni mguu unaokuchosha.

Baba, niko karibu na mahali panaponiuma, kwa hivyo nitakwenda haraka.

Makena, binti wa baba mdogo Mutwiri, aliletewa mahari. Boma lenyewe liko hapo tu, ng'ambo ya kahawa zetu, hata pilau ilinuka mpaka kwetu. Mama alikutolea koti. Nilikuja kukuchukua, nikakukuta kitandani. Ulisema tumbo linakuuma. Na mimi, baba, mimi niliyekuwa nimeandika maneno hayo kwa vidole vyangu, mimi niliyesifiwa na watu wa Meru na Embu kwa kuyaandika, nilikwenda jikoni nikakuchemshia tangawizi. Nikakuambia unywe ikiwa moto. Ukainywa, maana ungesema nini? Kisha nikajipaka mafuta nikaenda kula.

Sikushtuka. Hiyo ndiyo inanisumbua mpaka leo. Ningekuwa nimeshtuka nikanyamaza kwa woga, ningejua la kutubu. Mimi niliamini kabisa ni tumbo.

Niliporudi nilikuletea nyama kwenye sahani iliyofunikwa. Ukauliza, "Nani amekata?" Nikasema ni Mutwiri mwenyewe. Ukachukua kipande kwa mkono wako wa kushoto, ukakigeuza huku na huku kwenye mwanga wa dirisha. "Amepasua mfupa. Mfupa haupasuliwi, unatafutiwa kiungo." Ukaweka kile kipande, ukaisukuma sahani, ukasema apewe mbwa. Nilicheka! Niliona ni yale maringo yako ya siku zote. Kesho yake nikampa Nthiga maneno hayo hayo na sahani hiyo hiyo, na nyinyi nyote hapa kwenye grupu mkanisifu. Mwalimu wa Embu akaandika, "Unamjuaje huyu mzee hivi?" Nikajibu kwa picha ya kucheka, na nikatembea siku nzima nimejawa na furaha.

Ni kweli. Nthiga nilimwelewa.

Najuta, baba. Sina neno la kupamba, najuta. Miezi mingi tulikaa barazani tukazungumza habari za mkono wa mtu ambaye hayupo. Tulijua unavyomlemea akilala, tulijua anavyouficha mfukoni mbele ya wageni, tulijua anamwonea wivu hata mtoto anayemenya ndizi. Wa kwako tulizungumza nini? Umemeza dawa? Umefanya mazoezi ya daktari? Nyanyua, hesabu, shusha. Ulikuwa umeketi pale ukinieleza kila kitu waziwazi, na mimi nikawa karani wa Nthiga. Nilikuwa makini sana asiseme neno lisilo lake, nikamwacha baba yangu peke yake na yaliyo yake.

Mama anasema nijisamehe. Alinikuta juzi nalia kwenye boma la ng'ombe, akaniambia, "Kendi, baba yako ungemuuliza angekujibu ng'ombe hajakamuliwa. Mimi nimeishi naye, mimi najua. Huyo Nthiga ndiye aliyekuwa mdomo wake, na wewe ndiwe uliyempa." Labda. Mama anakujua kuliko mimi. Lakini hakuniambia kwamba usingependa kuulizwa. Aliniambia tu kwamba usingejibu, na hayo ni mambo mawili.

Jumapili yetu ya mwisho ulikuwa na nguvu. Nilikuambia watu wa grupu wanataka mwisho, na wengi wanataka muujiza. Ukasema, "Usimponye."

"Watakataa, baba."

"Wakatae. Kwani ni Nthiga wao?"

"Sasa ataishia wapi?"

Uligeuka ukazitazama zile kahawa. Ukasema, "Hilo tutaona Jumapili." Ijumaa kiharusi cha pili kikaja, na hicho hakikuacha kitu.

Sasa nimejaribu, nikueleze. Nilimpeleka kwenye mkutano wa injili kama Mama Njoki anavyotaka. Uwanja umejaa, mhubiri amepaza sauti, mkono unanyanyuka, Nthiga anaruka. Nilikuwa sijamaliza hata kuandika haleluya nikahisi unanitazama, nikafuta. Si kwamba Mungu hawezi, Mama Njoki, usinielewe vibaya. Ni kwamba kila aliyeuliza kama Nthiga atapona alitaka tupumzike sisi, si yeye. Halafu nikajaribu kumuua. Nilimuua vizuri sana, mvua inanyesha, Igoki analia, nyimbo za mazishi. Hiyo pia nikafuta, maana niliona ninakimbia. Mtu akifa hakuna tena wa kumuuliza kitu, na mimi hilo nalijua vizuri kuliko ninavyotaka.

Leo alasiri nimejaribu mara ya mwisho. Sikuleta lori, wala mhubiri, wala sherehe. Nthiga ameketi nje ya nyumba yake Kiritiri, jua limepungua, Igoki anakuja kuketi karibu naye. Anamuuliza, "Baba, unaendeleaje na hili jambo? Siulizi mkono. Nakuuliza wewe."

Nimeandika swali hilo, nikaendelea. Kwa sababu jibu la kwanza la Nthiga nalijua. Anamwambia Igoki mbuzi hawajafungwa, na yeye ameketi hapa anauliza maswali ya redio. Hilo lilikuja lenyewe. Na la pili nalijua: anamwambia wasichana wa siku hizi hawana kazi. Igoki haondoki. Anamwambia atafunga mbuzi baadaye. Nthiga anagombeza upepo, anagombeza jirani, anagombeza serikali. Igoki bado ameketi. Kisha Nthiga anaishiwa na vitu vya kugombeza, na kunakuwa kimya, na anageuza uso kumtazama binti yake.

Hapo nimekwama. Angesema nini, baba? Nimekaa juu ya sentensi hiyo tangu alasiri. Naweza kutunga, unajua naweza kutunga. Naweza kumpa maneno ya kuwaliza watu wa Embu na Meru mpaka kesho. Lakini sijui. Mimi kila ulipokwepa niliinuka nikaenda kufunga ng'ombe. Sikuwahi kukaa nikafika mahali ambapo maneno ya kukwepa yamekwisha, kwa hivyo sijawahi kusikia yanayokuja baada ya hapo, na sitakuwekea mdomoni yasiyo yako.

Nimeacha kalamu kidogo, nikaituma sehemu hiyo hivyo hivyo, inaishia kwenye kimya. Walianza papo hapo, ati nimesahau kipande, ati simu yangu imekata. Mama Njoki akatuma sauti: "Sasa alijibu nini?"

Nikamjibu, "Sijui, Mama Njoki. Sijui kabisa."

Halafu akatuma nyingine, fupi, bila kelele, nikasikia kuku wake kwa nyuma. "Basi Igoki asiinuke. Mwambie akae tu."

Kwa hivyo nimetoka nje, baba, nimeketi. Mama ameniita nikafunge ng'ombe, nimemwambia aningoje kidogo, na ameelewa, ameenda kumfunga mwenyewe. Sina simu mkononi na siandiki cha mtu mwingine yeyote. Nimechelewa, najua, na wewe hupendi watu wanaochelewa. Nigombeze kwanza, kisha unijibu.

Wewe uliendeleaje, baba?

Niko hapa,
binti yako, Kendi